Sahani Hairudi Tupu

Ummukulthum: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, nimebonyeza kwa kiwiko, mikono yote unga.

Msabaha: Sabalkheri, Bi Ummukulthum. Ni mimi.

Ummukulthum: Huyo mimi hana jina?

Msabaha: Msabaha. Msabaha wa Lewisham, mpiga picha.

Ummukulthum: Aa. Alkheri. Saa mbili hii ya asubuhi, kafa nani?

Msabaha: Hajafa mtu, alhamdulillahi. Labda nife mimi. [anacheka peke yake] Hamjambo hapo Kilburn? Watoto, wajukuu?

Ummukulthum: Hatujambo. Sema.

Msabaha: Unasikika mbali. Umeniweka spika?

Ummukulthum: N'shakwambia nina unga mikononi. Unataka nikushike na unga?

Msabaha: Uko peke yako?

Ummukulthum: Niko na maandazi mia mbili ya harusi ya watu. Msabaha, mafuta yanapata moto, una neno au huna?

Msabaha: Ninalo, ninalo. Mimi niko hospitali. Mishipa ya moyo mitatu imeziba, wananifungua kifua leo. Saa tatu wananiteremsha.

Ummukulthum: Lo. Pole.

Msabaha: Nishapoa. Sasa, unajua mambo haya, mtu akishalazwa kwa dawa ile huwezi kujua kama ataamka. Nimechukua simu tangu alfajiri, nawapigia watu mmoja mmoja. Nina orodha yangu hapa—

Ummukulthum: Orodha! Wewe na orodha hamjaachana tu.

Msabaha: Eti?

Ummukulthum: Nasema mtandao mbaya. Endelea.

Msabaha: Wewe ni wa kumi na saba. Bi Ummukulthum, naomba radhi. Kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Ummukulthum: Hao kumi na sita umewaambia maneno hayo hayo?

Msabaha: Hayo hayo. Na wote wamenisamehe, wengine hawakuniacha hata nimalize. Hata Bharti wa duka la dawa, wala si dini yetu, kaniombea.

Ummukulthum: Bharti umemkosea nini? Kakuuzia dawa ya kikohozi ukampiga picha?

Msabaha: Ni tahadhari tu. Basi nawe sema nimesamehe, nikuache na maandazi yako.

Ummukulthum: La kutojua nimekusamehe. Tena kwa roho safi, kunjufu. Haya, la kujua. Litaje.

Msabaha: Desturi si hivyo, Ummukulthum. Mtu husema tu—

Ummukulthum: Desturi unanifundisha wewe? Haki ya mtu haifutwi kwa jumla. Aliyeiba kuku huja akasema, bibi, nimekuibia kuku, jogoo mwekundu, nikamla Jumanne. Hapo ndipo mwenye kuku hufikiri. Wewe unaniomba radhi ya kuku humtaji.

Msabaha: Muda mdogo, bibi.

Ummukulthum: Basi usiupoteze.

Msabaha: Haya. Picha za harusi ya binti yako Hayat. Nilichelewa nazo miezi minane.

Ummukulthum: Na zilipokuja nusu yetu hatuna vichwa. Hilo n'shasamehe. La pili.

Msabaha: Kwenye kikao cha jumuiya, mwaka juzi, nilisema biriani yako imezidi chumvi. Nilisema mbele za watu.

Ummukulthum: Msabaha.

Msabaha: Naam.

Ummukulthum: Unakwenda kupasuliwa kifua kwa ajili ya chumvi?

Msabaha: Sasa unataka nini? Mimi sikumbuki jengine! Ila... [mtandao unakwaruza] ...wewe una jambo na mimi, nalijua muda mrefu. Nakuletea tambi kila Ramadhani, kutoka Lewisham mpaka Kilburn, treni na basi, sahani nimeikumbatia kama mtoto. Kila mwaka sahani inarudi tupu. Mwaka wa kwanza nilisema labda umesahau. Mwaka wa pili nikasema labda London imekuharibu. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu! Hata kama huna kitu, unatia ndimu mbili, unatia chumvi. Wewe mtoto wa nyumba ile, mama yako aliyekuwa akitufunza sote adabu—

Ummukulthum: Miaka ishirini na sita.

Msabaha: Eti?

Ummukulthum: Tangu uje London ni miaka ishirini na sita ya Ramadhani. Ishirini na sita nimekurudishia tupu, nimeisugua nikaikausha vizuri ndiyo nikakupa. Ulidhani nimesahau adabu? Nilikuwa nangoja uniulize. Na leo umeuliza, asante.

Msabaha: Sikufahamu.

Ummukulthum: Utafahamu. Ngoja nizime jiko. [sauti ya jiko kuzimwa] Haya. Mwaka sabini na moja, mwezi wa sita. Unaukumbuka?

Msabaha: ...Nesi anakuja kunipima, nita—

Ummukulthum: Akupime. Presha ikipanda mwambie ni mimi. Mwaka sabini na moja Unguja mchele hakuna, unga hakuna, sukari hakuna, kitambaa ni cha mgao, kifungo cha shati ukikipoteza ndiyo basi. Mtu akicheka kwa sauti jirani anamuuliza unacheka nini. Kila nyumba kumi zina mtu wake wa kuhesabu nani kalala, nani kaamka, nani kaja na kikapu. Na kaka yangu Zein, miaka ishirini na tatu, karani wa bandarini, akasema mimi siwezi tena, Jumapili natoroka, nafika Mombasa kisha namleta mke wangu. Tuliojua ni mama, Afra mkewe, na mimi wa miaka kumi na tatu kwa kuwa nilikuwa nasikiliza mlangoni. Sasa mama, mwanawe anasafiri, ataacha kupika halua ya safari? Alikuwa na sukari ya mgao kaiweka kijiko kijiko, wiki tisa. Tulikuwa tunakunywa chai kavu hatujui kwa nini. Alkhamis mchana akapika, akatia sahani moja, moja tu, akanipa mimi niipeleke. Wapi, Msabaha?

Msabaha: ...Kwetu.

Ummukulthum: Kwenu. Kwa sababu mama yako alimnyonyesha Zein alipokuwa mama yangu mgonjwa wa uzazi. Ziwa moja, wewe na yeye. Nikafikisha na maneno kama nilivyoagizwa: mama anasema mwanao wa ziwa anasafiri Jumapili, mwombee. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mkeka, studio mmefunga mapema. Ulikula vipande vitatu. Ukalamba vidole, ukasema mama yako ana mkono.

Msabaha: Nakumbuka. Ilikuwa halua nzuri. Mungu amrehemu.

Ummukulthum: Usimrehemu! Nyamaza, nasema. Ijumaa asubuhi, Zein alipokwenda kazini, nami nikaenda foleni. Nikafika mbele, mwenye duka akasema sukari labda mwezi ujao. Adhuhuri hiyo hiyo Zein kachukuliwa kazini, mbele ya wenzake. Wakubwa wa usalama wa Jumba la Kijani, gari lao, watu wawili. Jumamosi asubuhi nyumba yetu haina aliyelala, mama yako anabisha hodi. Analia, maskini, habari keshazisikia. Na mkononi ana sahani yetu. Kaileta. Na haikuwa tupu. Upo?

Msabaha: Nipo.

Ummukulthum: Ilikuwa na nini, Msabaha?

Msabaha: Sijui. Miaka hamsini na nne, mimi nitajua mama alitia nini kwenye—

Ummukulthum: Sukari. Nyeupe, kavu, kilo nzima imefanya mlima, na mtaa mzima watoto wanalamba vikombe. Mama aliitazama ile sukari, akamtazama mama yako, na mama yako hakujua anatazamwa nini. Alikuwa mtu mwenye adabu. Sahani ya watu haiwezi kurudi tupu, ndani kuna paketi mwanawe kaja nayo Alkhamis jioni, afanyeje? Ndiye mtu pekee mwenye adabu nyumbani kwenu, na adabu yake ndiyo iliyokuvua nguo.

Msabaha: Ile sukari ilikuwa ya ami yangu. Alikuwa—

Ummukulthum: Ami yako alikuwa nyuma yangu foleni! Katukanwa na mwenye duka mbele yangu!

Msabaha: Basi labda—

Ummukulthum: Huna haya, hujui vibaya. Unakwenda mbele ya Mola wako saa tatu, sasa hivi saa mbili na nusu, unanidanganya mimi kwa sukari.

Msabaha: Nilimwambia asimpe mtu. Nilimwambia mama, hii iweke, usimpe mtu, usiitaje. Nikaondoka. Nilidhani atasikia.

Ummukulthum: Eee. Sasa tunazungumza.

Msabaha: Unanisikia? Hapa kuna mashine zinapiga kelele.

Ummukulthum: Nakusikia kuliko siku zote. Kakupa nani?

Msabaha: Kulikuwa na Mjerumani wa Mashariki pale Jumba la Kijani. Mwalimu wa hao usalama. Mtu mpole, sauti haipandi, na mkalimani wake. Walikuwa washaniita mara mbili kabla, kwa sababu ya studio, wanataka kujua nani anapiga picha za pasi za safari. Siku ile nilikwenda mwenyewe. Niliandika mistari mitatu, Ummukulthum. Mitatu tu. Jina, siku, na pahala pa kazi. Sikutia hata saini, walinipa namba. Yule Mjerumani akafungua mtoto wa meza akatoa paketi, akasema mpelekee mama yako.

Ummukulthum: Ukaichukua.

Msabaha: Nikaichukua.

Ummukulthum: Kwa kilo ya sukari. Ptuu! Hata yule aliyemuuza mtume wa watu alipata fedha.

Msabaha: Si kwa sukari! Waliniahidi masomo Ujerumani, upigaji picha, na nilikwenda, miaka mitatu. Na hofu! Wewe ulikuwa mtoto, huijui hofu ile. Zein akikamatwa njiani na wakajua mimi nilijua nikanyamaza, tunakwenda sote, mimi na mama. Nilijiambia afadhali akamatwe kabla hajaondoka, kosa litakuwa dogo. Walinambia siku tatu tu, watamtia adabu, watamwachia.

Ummukulthum: Hofu tulikuwa nayo sote. Mama alikuwa akiogopa mpaka kukohoa. Mbona yeye hakwenda kuandika mistari mitatu juu ya mama yako? Alikuwa na ya kuandika, mwenye vitenge vya magendo chini ya kitanda alikuwa nani? Usinipe hofu kama kwamba uligaiwa peke yako.

Msabaha: Haki yako. Sema utakalo. Lakini n'shataja, si ulitaka nitaje? Kuku n'shamtaja. Hayo ndiyo yangu, mistari mitatu. Yaliyofuata mimi siyajui, nilikuwa Pemba. Sasa nisamehe.

Ummukulthum: Ulikuwa Pemba.

Msabaha: Nilipanda meli Alkhamis ile ile jioni, nikarudi baada ya wiki mbili. Mama yako alijua, niliapa mbele yake.

Ummukulthum: Kwa msahafu.

Msabaha: Kwa msahafu. Ummukulthum, nakwambia, mimi pia sikusalimika. Nalala na yule mtu miaka yote. Nikifumba macho namuona vile vile, na shati lake la buluu, na kile kifungo kimoja cheusi cha koti kilichokuwa si chake—

[mlio wa sinia linaloanguka]

Msabaha: Nini hicho?

Ummukulthum: Sinia.

Msabaha: Umeungua?

Ummukulthum: Kifungo gani, Msabaha?

Msabaha: Kile... si alikuwa na shati—

Ummukulthum: Shati la buluu, vifungo vyeupe. Sote tunalijua. Hicho cheusi umekiona lini?

Msabaha: Siku zote. Alikuwa akilivaa siku zote.

Ummukulthum: Hapana. Ijumaa asubuhi kifungo cha pili kilimtoka, akiwa mlangoni keshavaa, kachelewa kazini. Vifungo hakuna mjini. Afra akakata kimoja kwenye koti la marehemu baba, cheusi, kikubwa, akamshonea mwilini, uzi akaukata kwa meno. Mama akagomba kuwa nguo haishonwi mwilini. Tulicheka. Ndiyo mara ya mwisho watu kucheka katika nyumba ile. Akatoka, akaenda kazini, na kazini wakamchukua. Na wewe uko Pemba tangu Alkhamis jioni. Sasa nambie. Kifungo kile umekionea wapi?

Msabaha: Mtandao unakata—

Ummukulthum: Mtandao mzima, nakusikia mpaka unavyomeza mate! Kata simu ukitaka. Kata, nenda kafunguliwe kifua na hilo humo ndani, daktari alitoe yeye.

Msabaha: Usinifanyie hivyo, Ummukulthum.

Ummukulthum: Wapi?

Msabaha: Sikwenda Pemba. Walinificha nyumba moja ya Ng'ambo, pale pale mjini, wakaniambia nikae. Jumatatu asubuhi wakaja wakasema chukua kamera ya studio. Nikachukua. Wakanipeleka Jumba la Kijani, uani, kuna banda la bati. Wanataka picha ya faili.

Ummukulthum: Picha ya Zein.

Msabaha: Ya Zein.

Ummukulthum: Amekaa? Amesimama?

Msabaha: Ummukulthum—

Ummukulthum: Picha ya mtu hai au ya mtu gani, Msabaha? Saa tatu kasorobo sasa.

Msabaha: Alikuwa keshakufa.

[kimya kirefu]

Msabaha: Haloo? ...Bi Ummukulthum?

Ummukulthum: Nipo.

Msabaha: Walisema alikufa Jumapili alfajiri. Walisema hawakukusudia. Yule Mjerumani alikasirika, akafunga faili, hakutaka kutazama. Mimi nilitazama kwa sababu ilibidi nitazame, ndiyo kazi ya kamera. Kifungo kilikuwa katikati ya kioo. Nilikuwa natazama kifungo ili nisitazame uso. Nilipiga mbili. Ya kwanza ikaharibika.

Ummukulthum: Maskini wewe. Picha ikaharibika.

Msabaha: Sikusudii—

Ummukulthum: Alioshwa?

Msabaha: Eti?

Ummukulthum: Maiti. Alioshwa? Alikafiniwa?

Msabaha: Hapana. Walimfunga kwa turubali la lori.

Ummukulthum: Aliswaliwa?

Msabaha: Mimi nilimswalia. Moyoni, nimesimama kando ya gari.

Ummukulthum: Moyoni! Ndugu yako wa ziwa, ukamswalia kimyakimya kama mtu anayeficha chafya! Hukuweza hata kunyanyua mikono? Kuandika uliweza, kupiga picha uliweza, takbira nne hukuziweza?

Msabaha: Wangeniua!

Ummukulthum: Wangekuua. Kazikwa wapi?

Msabaha: Nilikwenda nao, walitaka mtu wa kushika taa ya kamera, usiku wa siku ile. Shamba la kwa Binti Salmin. Kuna tanuu la zamani la chokaa, limebomoka. Ukisimama mlangoni mwa tanuu, ukalipa mgongo, unahesabu hatua kumi na nne kwenda mbele. Kuna jiwe la ukuta nililiweka mimi, usiku wa... hapana, mwaka uliofuata, kabla sijaondoka. Nililisimamisha upande wa kichwa. Limezama nusu, lakini lipo. Mwaka elfu mbili na kumi na sita nilikwenda, lipo.

Ummukulthum: Umekwenda. Umezuru kaburi. Umerudi London umekuja kwangu Ramadhani na tambi.

Msabaha: Ndiyo.

Ummukulthum: Mama alikufa chumba hiki cha pili, mwaka elfu mbili na tisa. Mwezi mzima wa mwisho alikuwa akiuliza Zein kala? Zein kesharudi? Mfungulieni mlango. Na wewe uliingia humu na kanzu imepigwa pasi, ukashika mguu wa jeneza wa mbele kulia. Watu wakasema mashaallah, Msabaha ana mapenzi. Nilikutazama mgongo wako mpaka gari ikaondoka. Sukari nilikuwa naijua, lakini kufa kwake sikujua! Ungemwambia kikongwe yule neno moja tu, amekufa. Angelia, akapumzika.

Msabaha: Nilitaka. Kila mara nilitaka. Kila nilipokuja na ile sahani nilikuwa nataka.

Ummukulthum: Ukatia tambi badala yake.

Msabaha: [analia] Nisamehe. Hakuna jengine tena lililobaki, Wallahi, n'metoa yote. Nisamehe, wananijia, nakiona kile kitanda cha magurudumu.

Ummukulthum: Mimi sina haki ya kwanza hapa. Kuna mwenye haki.

Msabaha: Nani? Mama yako keshatangulia.

Ummukulthum: Sinia aliangusha nani, Msabaha? Mimi mikono yangu iko ndani ya unga.

Msabaha: ...Ulisema uko peke yako.

Ummukulthum: Nilisema nina maandazi mia mbili. Maandazi mia mbili hayasukumwi na mtu mmoja. Mke wa Zein yuko hapa tangu uliposema sabalkheri. Amesimama mbele yangu na mti wa kusukumia mkononi.

Msabaha: Afra? Subhanallah. Afra... amesikia?

Ummukulthum: Amesikia kifungo chake.

Msabaha: Toa spika. Tafadhali toa spika.

Ummukulthum: Ana miaka sabini na tatu. Alikuwa na kumi na tisa. Ameposwa mara tatu: mwalimu wa Unguja, mtu wa posta wa Dar, na hapa London mgane mmoja wa Peckham mwenye duka, mtu wa maana sana. Kila mara akisema mimi mke wa mtu, mume wangu hajarudi, hakuna aliyeniletea habari kafa. Hakukaa eda kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae. Nguo nyeupe za eda hakuvaa, nguo za furaha pia hakuvaa. Unajua eda huhesabiwa tangu lini?

Msabaha: Tangu siku ya kufa.

Ummukulthum: Tangu siku ya kufa, si tangu siku ya kujua. Miezi minne na siku kumi. Amekufa mwezi wa sita sabini na moja. Basi hata Ramadhani ya mwaka ule haijaandama, eda yake imekwisha. Miaka hamsini na nne alikuwa mwanamke huru, na aliyekuwa na ufunguo ni wewe peke yako. Ukimuona harusini ukimwambia Bi Afra, sogea kidogo kushoto, cheka.

Msabaha: Afra! Afra, mke wa ndugu yangu, unanisikia? Nisamehe. Sina la kusema, sina udhuru. Nisamehe kwa ajili ya Mungu na mtume wake. Afra?

[maji ya bomba yanafunguliwa]

Msabaha: Amesema nini?

Ummukulthum: Hajasema.

Msabaha: Analia?

Ummukulthum: Anaosha mikono.

Msabaha: Sasa? Sasa hivi anaosha—? Nesi Evans, dakika mbili, nakuomba, mbili tu. Ummukulthum, muulize. Muulize amenisamehe?

Ummukulthum: Afra! Msabaha anauliza. [hatua zinapita] Kapita. Kaingia kutia udhu.

Msabaha: Udhu wa nini? Hakuna sala saa hizi.

Ummukulthum: Ipo. Kuna maiti hajaswaliwa. Anakwenda kumswalia mumewe, akimaliza labda nitamuuliza. Na mimi nanawa unga, nasimama nyuma yake.

Msabaha: Ataswali dakika ngapi?

Ummukulthum: Hana haraka yule. Huko kungoja anakujua.

Msabaha: Wananiondoa! Basi wewe, Ummukulthum, wewe japo, sema neno moja. Nimekupa pahala, nimekupa siku, nimekupa jiwe. Sikukupa kitu?

Ummukulthum: Umenipa. Sahani yako leo umeijaza, sikatai. Na nitaisugua, niikaushe vizuri.

Msabaha: Usiirudishe tupu. Ummukulthum, nakuomba.

Ummukulthum: Ukiamka, piga simu. Utamkuta keshamaliza, utamuuliza mwenyewe.

Msabaha: Na nisipoamka?

Ummukulthum: Basi utakwenda hujui. Utaona inavyokuwa.

Msabaha: Nesi, nakuomba, nusu dakika— Afra! Mwite Afra—

Ummukulthum: Mpe nesi simu yake, Msabaha, usimcheleweshe. Ana kazi za watu. Kwaheri.